Kupunguza uzito wa Impreza WRX (GC8) ya autokrosi: nianzie wapi, niache nini?

BoksaYaKaskazini

Habari za leo wakuu.

Gari ni Impreza WRX, bodi ya GC8 ya mwaka 1993, gia za mkono, injini EJ20 ya turbo, farasi 240 za kiwandani. Injini ni nzima na sina mpango wa kuichokonoa. Ninachotaka ni kulipunguzia gari uzito kwa ajili ya autokrosi (mashindano ya muda kwenye njia fupi yenye kona nyingi), zaidi kwenye viwanja vya changarawe na mara chache kwenye lami. Siku nyingine zote litaendelea kutembea barabarani kama kawaida.

Kwenye mizani ya malori limesoma kilo 1,240, tangi nusu, bila dereva. Ndani kila kitu kipo: siti ya nyuma, spea, AC, kapeti, pamoja na boksi la spika na amplifaya kwenye buti. Rimu ni za kiwandani, inchi 15. Chini kuna bamba la chuma la kulinda injini.

Naomba msaada kwenye haya. Nitoe nini kwanza? Je, ni kweli kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za bodi? Flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ambalo klachi hulishika) ikiwa nyepesi ina faida gani hasa? Nihamishie betri kwenye buti au niiache? Na boneti ya kaboni inafaa kununua?

Natanguliza shukrani.

---

FundiBoksa

Mkuu, kabla ya kushika spana elewa kwanza gari lako limekaaje. Injini ya boksa (silinda zimelala ubavuni, kushoto na kulia) kwenye Impreza imetokeza mbele ya ekseli ya mbele, gia boksi inafuata nyuma yake. Kwa hiyo karibu asilimia 59 ya uzito iko mbele. Kwenye kilo zako 1,240 hiyo ni kama 732 mbele na 508 nyuma.

Sasa tazama vitu ambavyo kila mtu hukimbilia kutoa: siti ya nyuma, spea, jeki, kapeti ya buti. Vyote viko nyuma. Ukitoa kilo 45 huko, mbele inabaki 732 ileile, nyuma inashuka hadi 463, na mgawanyo unafika asilimia 61 mbele. Gari limekuwa jepesi, hilo halina ubishi. Lakini kwenye kona pua inasukuma kwenda nje, na ukikanyaga breki kwa nguvu magurudumu ya nyuma yanajifunga mapema kwa sababu hayana mzigo wa kuyashikisha chini. Ukitaka mgawanyo ubaki ulipo, kila kilo mbili unazotoa nyuma zinadai tatu mbele. Hutazipata zote, ila hiyo ndiyo iwe shabaha yako.

Faida yenyewe ni hii. Ukiweka dereva wa kilo 75 gari ni kilo 1,315. Ukifanikiwa kutoa 100, uwiano wa uzito na nguvu unakuwa sawa na kuongeza kama farasi 20 kwenye hizo 240, bila kuongeza msukumo wa turbo wala kugusa mafuta. Breki nazo zinapokea joto pungufu kwa karibu asilimia 8 kila unaposimama kutoka mwendo uleule. Na tairi hushika vizuri zaidi kwa kila kilo inayoibeba pale mzigo unapopungua, hivyo hata kwenye kona unafaidika. Hii farasi za ziada haziwezi kukupa.

Mbele kuna nini cha kutoa? AC ndiyo kubwa kuliko zote: kompresa, kondensa, mabomba na evapureta ni kama kilo 15 hadi 18, na nyingi zipo puani kabisa. Kwenye EJ20 kompresa ina mkanda wake peke yake, tofauti na ule wa olteneta na pampu ya usukani, kwa hiyo ukiitoa huhitaji kubuni mkanda mfupi. Gesi ivutwe na fundi wa AC mwenye mashine, isifunguliwe hewani. Feni zote mbili za rejeta ziache mahali pake, hata ile unayodhani ni ya AC tu, kwa sababu autokrosi ni injini kufanya kazi kubwa gari likiwa kwenye mwendo mdogo.

Chupa ya maji ya waipa ikijaa ina kilo kadhaa. Weka lita moja tu.

Boneti: chukua sumaku uiguse. WRX nyingi za Japani tayari zina boneti ya alumini. Kama sumaku haishiki, hela ya kaboni ielekeze kwingine, maana tofauti itakayobaki ni ndogo. Kama inashika, tafuta boneti ya alumini ya gari lililovunjwa. Inafunga kwa loki ya kiwandani bila pini za nyongeza.

Na jambo ambalo watu hawalihesabu: intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa ya mbele pamoja na mabomba yake inaongeza kama kilo 8 hadi 12 mbele ya kila kitu. Kwa farasi 240 ile ya juu ya injini inatosha. Usiongeze uzito mahali ambapo unahangaika kuupunguza.

Bamba la chini usilitoe kwenye changarawe, badilisha metali. Chukulia bamba la sentimita 70 kwa 90: chuma cha milimita 3 kina karibu kilo 15. Alumini ya milimita 5 kwa ukubwa huohuo ni kilo 8.5, na ni ngumu zaidi kupinda kwa sababu ya unene. Hapo umeokoa zaidi ya kilo 6, mbele na chini. Weka vipande vya mpira kwenye sehemu za kufungia ili alumini isigusane moja kwa moja na chuma cha fremu, la sivyo maji yakiingia inaanza kulika.

---

MizaniNne

Naongeza kwa FundiBoksa upande wa kupima, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hupotea.

Mizani ya malori ni nzuri kwa namba ya kwanza tu. Nyingi zinasoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo ukitoa kitu cha kilo 7 haitakuambia chochote. Nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya mizigo ya safari, inayofika kilo 40 au 50. Kila kinachotoka kipime, andika uzito, kilikuwa mbele au nyuma ya katikati ya magurudumu, na kilikuwa juu au chini. Bolti na mabano yake yapime pamoja nacho. Ukifika kwenye vitu 15 utaona mwenyewe kazi ya kweli ilifanywa na vichache, na vingine vilikupa gramu 300 na kelele ya mwaka mzima.

Kuhusu rimu: kilo kumi si kweli, na wala hesabu haiwezi kufika huko. Kitu kinachozunguka na gurudumu kina uzito wake wa kawaida, halafu unaongeza nguvu ya kukizungusha. Hata kama uzito wote ungekuwa kwenye ngozi ya nje ya tairi, wakati wa kuongeza mwendo ungehesabika mara mbili tu. Rimu uzito wake uko ndani zaidi, hivyo kilo moja inahesabika kama 1.4. Tairi iko nje zaidi, kama 1.8. Kwa hiyo tairi nyepesi kwa kilo moja inakulipa kuliko rimu nyepesi kwa kilo moja, na watu wachache sana hutazama uzito wa tairi wanaponunua.

Faida nyingine ya rimu nyepesi iko kwenye shokamzoba. Gurudumu jepesi linafuata mashimo na matuta haraka, halirukiruki, na kwenye changarawe hilo unalisikia wazi kuliko kwenye lami. Lakini rimu nyepesi ya kumimina ya bei rahisi itapinda au kupasuka kwenye jiwe la kwanza. Kwa changarawe chukua ya kufuliwa kwa presi, inchi 15 hiyohiyo, bolti tano za 5x100 (kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati milimita 56.1. Isipokaa sawasawa kwenye tundu hilo, weka ringi ya kuziba pengo kabla ya kufunga. Usipande inchi 17. Rimu inakuwa nzito, tairi inakuwa na ukuta mfupi, na kila jiwe linapiga chuma.

Baada ya kutoa uzito gari litainuka. Ukitoa kilo 25 kwenye kona moja ya gari, na ugumu wa springi ukipimwa kwenye gurudumu ni kama niutoni 25 kwa milimita, kona hiyo inapanda karibu milimita 10. Pembe za magurudumu zinabadilika na taa zinaangalia pengine. Kwa hiyo alaimenti hufanywa mwisho, baada ya kazi yote. Ukiifanya katikati utailipia mara mbili.

---

BoksaYaKaskazini

Nimewaelewa sana wakuu. Sumaku haishiki, boneti ni alumini, kwa hiyo hilo nimelifuta.

AC nitaitoa, dirisha litatosha. Nimebaki na betri na flaiwili. Pia nilikuwa nafikiria siti za baketi (zile za mashindano zinazomkumbatia dereva) mbele pamoja na mikanda ya pointi nne, halafu vioo vya nyuma niweke plastiki. Mnasemaje?

---

DadaWaGia

Vioo vya plastiki achana navyo kwenye gari hili. Kioo cha milimita 4 kina kilo 10 kwa mita moja ya mraba, polikaboneti ya unene huohuo ina chini ya 5. Kioo chote cha nyuma kitakuokolea kama kilo 4 au 5, na zote ziko nyuma, kule tulikokwisha kusema pasiguswe ovyo. Juu ya hapo, polikaboneti inachubuka kwa vumbi la changarawe, na inapasuka ikiguswa na petroli au tina ya rangi. Pia lazima utoboe matundu mapana kuliko bolti, kwa sababu inatanuka juani, la sivyo inapasukia kwenye tundu. Hiyo ni kazi ya gari la mashindano tupu. Kioo cha mbele kibaki kioo kwa hali yoyote.

Siti naziunga mkono, lakini kwa mpangilio. Siti ya kiwandani na reli zake ni kama kilo 15 au zaidi. Baketi ya faiba ina 5 hadi 6, mabano na reli vinaongeza 3 au 4. Unaokoa 5 hadi 7 au zaidi kwa siti, na kitovu cha uzito wako wewe dereva kinashuka. Anza na ya dereva peke yake. Tafuta yenye lebo ya FIA (shirikisho la kimataifa la michezo ya magari) 8855-1999 na usome tarehe iliyochapishwa. Siti hiyo huhesabiwa miaka 5 tangu kutengenezwa, na faiba iliyokaa juani muda mrefu si ya kuaminiwa hata kama kitambaa kinapendeza. Kufunga: pointi nne, bolti za milimita 8 au zaidi, na chini ya sakafu bamba la chuma la milimita 3 lenye eneo la sentimita 40 za mraba kwa kila pointi. Washa (ringi ya bolti) ndogo peke yake inapita kwenye sakafu gari likigonga.

Makosa mawili ya siti nimeyaona kwa mafundi wengi. La kwanza ni kukata zile boriti za kukingama kwenye sakafu ili siti ishuke zaidi. Boriti hizo ndizo zinazozuia sakafu isijikunje gari likipigwa ubavuni. La pili ni kufunga mikanda ya mabega kwenye sakafu nyuma ya siti. Ukigonga, mkanda unakuvuta chini na uti wa mgongo unabanwa. Mikanda ya mabega inatakiwa iende nyuma karibu usawa, na kwa vyovyote isizidi digrii 45 kwenda chini. Bila keji (fremu ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka) au boriti maalumu ya kuifungia, baki na mkanda wa kiwandani. Na ukibaki nao, hakikisha baketi yenyewe inauruhusu ukae vizuri kiunoni.

Keji ina uzito wake, kilo 30 hadi 45. Ukiamua kuiweka, FIA inataka upinde mkuu uwe wa bomba la 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0, mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0, yasiyo na mshono, yaliyovutwa baridi. Usikubali bomba la maji. Na kwa gari linalotembea barabarani, ambako kichwa hakina helmeti karibu na bomba, naona bora uiache kwa sasa. Kwa sababu hiyohiyo usiguse boriti za ndani ya milango wala ile ya ndani ya bampa. Zina kilo za kutamanisha, lakini ndizo zitakazokutoa mzima.

---

FundiBoksa

Flaiwili. Hapa ndipo hesabu inavutia, kwa sababu inategemea gia uliyopo. Chukua gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.454 na difu ya 4.111 (hakiki ya kwako), tairi yenye nusu kipenyo cha sentimita 30. Ukitoa kilo 4 kwenye flaiwili, kwa wastani sentimita 11 kutoka katikati, kwenye gia ya kwanza ni kama umetoa kilo 108 kwenye gari. Gia ya tatu ni kama kilo 17 hadi 19. Ya tano inashuka hadi 5. Autokrosi ni gia ya kwanza na ya pili muda wote, kwa hiyo kwako ina maana kubwa kuliko kwa mtu wa mbio za barabara ndefu.

Ila ina gharama zake. Kuondoka kwenye mlima na abiria kunahitaji mguu makini, na injini inaweza kuhangaika ikiwa kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyaga mafuta). Usiende chini ya kilo 5. Usimpe fundi wa kukereza achonge ile ya kiwandani, ni chuma cha kumimina na kikipungua mahali pasipostahili hupasuka ikiwa kwenye mizunguko mikubwa, karibu na miguu yako. Nunua ya kromoli (chuma chenye kromu na molibdeni) iliyosawazishwa. Bolti nane, mpya, zikazwe niutoni mita 72, kwa kukingamisha.

Angalizo wakati wa kushusha gia boksi: WRX nyingi za GC8 zina klachi ya kuvuta (uma huivuta beringi badala ya kuisukuma). Fungua kizibo kilicho pembeni ya nyumba ya klachi, vuta ile shafti ndogo inayoshikilia uma wa klachi mpaka itoke, ndipo utenganishe injini na gia boksi. Asiyejua hili huingiza mtaimbo na kuvunja uma, au nyumba yenyewe. Na kwa kuwa umeshafungua, badilisha sahani ya klachi, beringi ya kuvuta na sili ya nyuma ya kranki kwa pamoja.

Betri: usiihamishe, ipunguze. Ya kiwandani ni kama kilo 15. Ndogo ya AGM (ya kufungwa, isiyomwagika) ni 6 au 7, na inawasha EJ20 bila shida kwenye joto letu. Ya lithiamu ni kama 4, lakini joto la chini ya boneti ya gari la turbo si rafiki yake. Ukiipeleka kwenye buti unahitaji mita kama 5 za waya mnene, fyuzi kubwa karibu na betri, na boksi.

---

MizaniNne

Hapo mkuu natofautiana nawe kidogo, na tuweke namba zionekane. Tuchukue zile 732 mbele na 463 nyuma baada ya kusafisha buti. Betri ya kilo 5 ikikaa mbele badala ya ile ya 15, unapata jumla ya 1,185 na asilimia 60.9 mbele. Betri hiyohiyo ikienda nyuma na kilo 3 za waya na boksi, jumla ni 1,188 na asilimia 60.4. Nusu asilimia kwa kilo 3. Kwa gari la mashindano tupu ningeihamisha. Kwa gari la barabarani nakubali ibaki mbele, ila si kwa sababu uhamisho haufai. Ni kwa sababu waya mrefu wa chanya unaopita ndani ya gari lisilo na swichi ya kukatia umeme ni hatari ya moto, na swichi hiyo inayokidhi kanuni ni gharama nyingine. BoksaYaKaskazini akiihamisha, fyuzi iwe ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri, waya upite kwenye mpira kila unapovuka bati, na betri iwe ya kufungwa isiyotoa mvuke.

BoksaYaKaskazini, shiti za lami za sakafuni (zile za kupunguza kelele) hujaziuliza, lakini utashawishika ukishatoa kapeti. Barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) huzigandisha zikapasuka kwa nyundo ya mpira, unapata kilo 10 na zaidi. Milango yote iwe wazi wakati wa kazi, maana gesi yake hufukuza hewa ndani ya gari, na uvae glavu nene. Usitumie moto. Mabomba ya petroli na breki yanapita hapohapo chini. Chuma kikibaki wazi kipigwe praima na rangi wiki hiyohiyo, hasa kama gari linafika pwani. Binafsi kwa gari la kila siku ningeziacha, kwa sababu nyingi ziko katikati na chini kabisa, mahali ambapo uzito hauumizi sana, na mawe ya changarawe yakipiga sakafu tupu huwezi kuongea na abiria.

---

MwanaNairobi

Kitu kimoja kuhusu petroli, kwa sababu ni uzito wa bure na watu huuharibia injini. Lita moja ni kama kilo 0.75, kwa hiyo kuingia uwanjani na lita 20 badala ya 60 kunakuokolea kilo 30. Sawa. Lakini kwenye kona ndefu petroli inakimbilia upande mmoja wa tangi, pampu inavuta hewa, na EJ20 ikikosa mafuta turbo ikiwa imejaa, pistoni inavunjika kwenye kingo za ringi. Usishuke chini ya robo tangi. Ukisikia injini inakata kidogo unapotoka kwenye kona, ondoa mguu hapohapo.

Pia kwa wanaoshindana huku juu: Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Ya turbo inajitahidi kufidia, ila turbo yenyewe inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Kilo ulizotoa hazijali mwinuko, na ndiyo maana kwetu kazi hii inalipa mapema kuliko kuongeza msukumo.

---

DadaWaGia

Basi mpangilio wangu kwa BoksaYaKaskazini ungekuwa huu. Leo: boksi la spika na amplifaya vitoke moja kwa moja. Siku ya mashindano tu: spea, jeki, mto na mgongo wa siti ya nyuma, kisha vinarudi Jumapili jioni. Mwezi huu: AC na betri ndogo. Kisha bamba la alumini, siti ya dereva, tairi na rimu. Flaiwili isubiri mpaka klachi iishe, usishushe gia boksi kwa ajili yake peke yake.

Alaimenti ifanywe ukiwa umeketi ndani au mifuko ya mchanga ya uzito wako ikiwa kwenye siti, tangi robo, upepo wa tairi ukiwa ule unaoshindania. Kama buti litakuwa tupu siku ya mashindano, liwe tupu na siku ya alaimenti.